Hammer DeRoburt

Hammer DeRoburt (25 Septemba 1922 – 15 Julai 1992) alikuwa mwalimu na mwanasiasa wa Nauru, kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki, na rais wa kwanza wa nchi hiyo baada ya uhuru wa mwaka 1968. Alishika urais katika vipindi vinne tofauti ambavyo kwa jumla vinakaribia miaka 20.

Anajulikana hasa kwa kuongoza mazungumzo yaliyowarudishia Wanauru migodi yao ya fosfati, na kwa kutumia sehemu ya mapato ya migodi hiyo kuanzisha shirika la ndege la taifa, Air Nauru. Shirika hilo lilikifungulia dunia kisiwa ambacho hakikuwa na bandari ya kweli. Pia lilikula fedha nyingi kuliko nchi ya watu wachache kama hiyo ilivyoweza kumudu, na ubishi juu yake ulimfuata DeRoburt hadi mwisho wa maisha yake ya kisiasa.

Kisiwa chenyewe

Nauru ina eneo la kilometa za mraba 21 tu, kidogo kusini mwa ikweta. Imezungukwa na mwamba wa matumbawe, na nje ya mwamba huo bahari inashuka ghafla kwenye kina kirefu. Kwa hiyo meli kubwa hazikuweza kufika ufukweni wala kutia nanga kwa urahisi. Zilifungwa kwenye maboya na kupakiwa kwa mitambo mirefu iliyonyooshwa juu ya maji. Bahari ilipochafuka, meli zilisubiri siku nyingi, pengine wiki kadhaa.

Kama Tanganyika, Nauru ilikuwa koloni la Ujerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha ikawa eneo la kudhaminiwa chini ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya mwaka 1945 chini ya Umoja wa Mataifa. Wadhamini wake walikuwa watatu: Australia, New Zealand na Uingereza, lakini utawala wa kila siku ulikuwa mikononi mwa Australia.

Utajiri wa kisiwa ulikuwa chini ya miguu ya wenyeji. Karibu na mwaka 1900 iligunduliwa kwamba uwanda wa katikati ya kisiwa ni fosfati tupu, tena ya daraja la juu. Uchimbaji ulianza mwaka 1907. Baada ya vita nchi tatu wadhamini ziliununua mgodi na kuukabidhi kwa Makamishna wa Fosfati wa Uingereza, chombo kilichouza mbolea kwa wakulima wa Australia na New Zealand kwa bei ya chini kuliko ile ya soko la dunia. Wenye ardhi walilipwa senti chache kwa kila tani. Kila tani iliyoondoka iliacha nyuma nguzo za matumbawe zilizochongoka, mahali ambapo hapafai kulimwa wala kujengwa nyumba.

Utoto na masomo

DeRoburt alikuwa mtu wa wilaya ya Boe, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa, ambayo baadaye aliiwakilisha bungeni. Babu yake mzaa mama, Daimon, alikuwa Mkuu wa Machifu wa Nauru katika miaka ya 1920. Katika jamii ya Wanauru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, hivyo uhusiano huo ulikuwa na uzito.

Alisoma shule za kisiwani, kisha akapelekwa Geelong katika jimbo la Victoria, Australia, kuendelea na masomo. Wakati huo safari ya Australia ilikuwa ya meli, na meli zilizokuwapo zilikuwa zile za fosfati. Alirudi nyumbani vita ikiwa imeshaanza Ulaya, akawa mwalimu.

Vita na uhamisho

Mwezi Desemba 1940 meli za kivita za Ujerumani zilizamisha meli kadhaa za fosfati karibu na Nauru na kuipiga mizinga mitambo ya kupakia. Mwezi Agosti 1942 Wajapani wakakitwaa kisiwa.

Jambo la kwanza walilolitaka Wajapani lilikuwa uwanja wa ndege. Waliwatumia wenyeji pamoja na vibarua walioletwa kutoka nje, wakiwemo Wakorea, kujenga njia ya kurukia ndege kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya kusini, katika wilaya ya Yaren, jirani na Boe. Huo ulikuwa sehemu ya ardhi tambarare chache ambazo Wanauru walikuwa nazo kwa makazi. Njia hiyo ilianza kutumika mapema mwaka 1943, na mwezi Machi mwaka huo ndege za Marekani zikaipiga mabomu. Wajapani walilipiza kisasi kwa kuwakata vichwa Waaustralia watano waliobaki kisiwani, akiwemo msimamizi wa serikali, Frederick Chalmers.

Chakula kilipopungua, Wajapani waliamua kupunguza midomo. Wagonjwa 39 wa ukoma walipakiwa kwenye mashua wakaenda kuzamishwa baharini. Wanauru 1,200 walihamishwa kwa meli hadi visiwa vya Truk (leo Chuuk), umbali wa zaidi ya kilometa 1,500 kaskazini-magharibi, wakafanyishwe kazi. DeRoburt, aliyekuwa na umri wa miaka 20 hivi, alikuwa mmoja wao.

Huko walikufa wengi kwa njaa, maradhi na mabomu. Walionusurika walikuwa 737. Walirudishwa na meli ya fosfati na kushuka Nauru tarehe 31 Januari 1946. Kwa taifa ambalo mwaka 1932 lilikuwa limefanya sherehe kwa sababu tu idadi yake ilifika watu 1,500, hasara hiyo ilikuwa karibu na kufutika. Tarehe ya kurudi haikusahaulika, kama itakavyoonekana.

Mkuu wa Machifu

Baada ya vita DeRoburt alirudi kwenye kazi ya elimu. Utawala wa Australia ulianzisha Baraza la Serikali ya Mitaa la Nauru mwaka 1951, lakini baraza hilo lilikuwa na mamlaka madogo. DeRoburt aliingia barazani katikati ya miaka ya 1950 akachaguliwa kuwa Mkuu wa Machifu, cheo alichokishika hadi uhuru.

Swali kubwa la miaka hiyo lilikuwa nini kitatokea fosfati ikiisha. Wataalamu wa Australia walikadiria kwamba mgodi usingedumu zaidi ya mwisho wa karne, na jibu lao lilikuwa kuwahamisha Wanauru wote. Katika miaka ya 1963 na 1964 pendekezo lililofika mbali zaidi lilikuwa kuwapa kisiwa cha Curtis, karibu na pwani ya Queensland. Wangepata nyumba na uraia wa Australia, lakini wangekuwa chini ya sheria za Queensland na serikali ya Canberra. DeRoburt alikwenda kukikagua kisiwa hicho na kujadiliana kwa muda mrefu. Alichotaka ni ardhi pamoja na mamlaka juu yake. Australia haikuwa tayari kutoa mamlaka, na mwaka 1964 Wanauru wakakataa.

Uamuzi huo ndio chanzo cha mengi yaliyofuata. Watu waliokuwa wamehamishwa mara moja kwa nguvu walichagua kubaki kwenye mwamba unaochimbwa. Kwa kuwa walibaki, walilazimika kupata njia ya kuishi hapo na njia ya kutoka na kuingia.

Uhuru

DeRoburt alifuata shabaha mbili kwa pamoja: uhuru na umiliki wa mgodi. Alikuwa mjadilianaji mgumu, mwenye subira, na alitumia vizuri jukwaa la Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ambako nchi zilizokwisha pata uhuru zilimsikiliza kwa huruma. Mwaka 1966 Nauru ilipata Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1967 wadhamini walikubali kuiuzia Nauru mitambo yote ya fosfati kwa dola milioni 21 za Australia, zilipwe katika miaka mitatu. Yaani Wanauru walinunua kwa fedha za fosfati yao mitambo iliyokuwa ikichimba fosfati hiyohiyo.

Kwa siku ya uhuru ilichaguliwa tarehe 31 Januari 1968, miaka 22 kamili tangu watu 737 waliporudi kutoka Truk. Katika bendera mpya mstari wa manjano unawakilisha ikweta, na nyota nyeupe chini yake ina ncha 12 kwa ajili ya makabila 12 ya kisiwa.

Katiba iliweka bunge la watu 18 linalomchagua rais kutoka miongoni mwao. Rais ni mkuu wa nchi na pia mkuu wa serikali. Mwezi Mei 1968 bunge lilimchagua DeRoburt. Mwezi Julai 1970 shirika la fosfati likawa mali ya Nauru, na kwa miaka kadhaa iliyofuata pato la kila mwananchi lilihesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kodi ya mapato haikuwapo, na matibabu na elimu vilikuwa bure. Sehemu ya mapato iliwekwa katika mfuko wa akiba ili wajukuu wasije kukosa siku mgodi utakapofungwa.

Kuanzishwa kwa Air Nauru

Nchi huru ilihitaji njia zake. Serikali ya DeRoburt ilianzisha kwanza shirika la meli, Nauru Pacific Line, kisha mwaka 1969 shirika la ndege. Tarehe 14 Februari 1970 Air Nauru ilianza safari kati ya Nauru na Brisbane kwa ndege ndogo ya jeti aina ya Dassault Falcon 20 iliyotengenezwa Ufaransa. Ndege za aina hiyo kwa kawaida hununuliwa na makampuni kwa ajili ya wakurugenzi wake. Inachukua abiria kumi hivi. Kwa nchi ya watu wasiofika 7,000, wakiwemo wafanyakazi wa mgodini kutoka visiwa vya Gilbert na China, ilitosha.

Ndege ilitua kwenye njia ileile iliyoanzwa na Wajapani, ikiwa imetengenezwa upya. Kati ya njia hiyo na majengo ya bunge hakuna umbali mkubwa, na barabara pekee inayokizunguka kisiwa inapita pembeni kabisa mwa uwanja, kiasi kwamba magari husimamishwa ndege inapotua au kuruka.

Faida ilionekana mara moja. Mgonjwa aliyeshindikana katika hospitali ya kisiwani aliweza kufika Australia kwa saa chache badala ya kungoja meli. Wanafunzi waliosoma Victoria, kama DeRoburt mwenyewe alivyosoma zamani, waliweza kurudi nyumbani likizo. Barua, mboga na vipuri vilifika kwa ndege. Nauru haina mito, na ardhi yake ya kulima ni finyu, kwa hiyo karibu kila kinacholiwa hutoka nje.

Mwaka 1972 shirika lilipata ndege kubwa zaidi, Fokker F28, na katikati ya miaka ya 1970 likaingia kwenye Boeing 737 na Boeing 727. Ramani ya safari zake ilipanuka haraka. Upande wa kusini ndege zilikwenda Melbourne na Auckland. Upande wa kaskazini na magharibi zilifika Guam, Manila, Hong Kong, Taipei, Okinawa na Kagoshima nchini Japani. Katikati zilitua kwenye visiwa ambavyo mashirika makubwa hayakuvijali: Tarawa, Majuro, Honiara, Port Vila, Apia na vinginevyo.

Hapa ndipo fikra ya DeRoburt ilipo wazi zaidi. Katika enzi ya ukoloni, mtu wa kisiwa kimoja cha Pasifiki aliyetaka kwenda kisiwa cha jirani mara nyingi alilazimika kupitia Sydney au Honolulu, kwa sababu njia zote zilielekea kwa watawala. Air Nauru iliviunganisha visiwa kwa visiwa. Kwa kuwa Nauru iko karibu na katikati ya eneo hilo, uwanja wake mdogo ungeweza kuwa njia panda ya Pasifiki. Pato la njia panda, ilitarajiwa, lingebaki hata fosfati ikiisha. Nauru ilikuwa pia miongoni mwa nchi saba zilizokutana Wellington mwaka 1971 na kuanzisha Jukwaa la Pasifiki ya Kusini, na ilishika hisa katika Air Pacific, shirika lenye makao yake Fiji. Hata hivyo DeRoburt hakuridhika na hisa katika shirika la wengine; alitaka ndege zenye jina la Nauru.

Hesabu isiyokubali

Tatizo lilikuwa abiria. Mapema katika miaka ya 1980 shirika lilikuwa na Boeing kadhaa, na viti vyake vyote kwa pamoja vilitosha kubeba karibu sehemu moja ya kumi ya wakazi wote wa nchi kwa mara moja. Safari nyingi zilikuwa ndefu, juu ya bahari tupu, kuelekea visiwa vyenye watu wachache wenye kipato kidogo. Ndege za jeti zilikunywa mafuta yaliyoletwa kwa meli kutoka mbali, na ziliendeshwa na marubani wa kigeni waliolipwa mishahara ya kigeni. Mara nyingi ziliruka viti vingi vikiwa vitupu. Nauli zilipunguzwa ili kuwavuta watu, na pengo likazidi kuwa kubwa.

Kuna lawama nyingine iliyosemwa sana, kwamba ratiba ilivurugwa kila kiongozi alipohitaji ndege kwa safari ya serikali, na abiria waliokwisha kata tiketi wakabaki uwanjani. Katika nchi yenye uwanja mmoja na shirika moja, ambalo mwenye mali ni serikali, mpaka kati ya ndege ya umma na ndege ya rais haukuwa rahisi kuuona.

Pengo lilizibwa kwa fedha za fosfati mwaka hadi mwaka. Jambo hili linaeleza kwa nini shirika halikufungwa mapema, ingawa shirika lolote la kibiashara lenye hesabu kama hizo lingefungwa. Maadamu mgodi ulitoa mapato, hasara ya ndege ilionekana kama gharama ya barabara au ya hospitali. Watetezi wa DeRoburt walisema hivyo kabisa: hakuna anayeuliza barabara inaleta faida gani. Wapinzani walijibu kwamba barabara moja inatosha kwa kisiwa chenye mzunguko wa kilometa 19.

Fedha zilikwenda kwingine pia. Mwaka 1977 Nauru ilikamilisha mjini Melbourne jengo la Nauru House lenye ghorofa 52, lililokuwa refu kuliko yote mjini wakati huo. Wenyeji wa Melbourne waliliita kwa utani mnara wa kinyesi cha ndege, wakikusudia ndege wa baharini ambao inaaminika kinyesi chao ndicho asili ya fosfati. Tofauti na Boeing, jengo hilo angalau lilikuwa na wapangaji.

Siasa za ndani

Nauru haikuwa na vyama imara. Wabunge 18 walihama upande kwa ukoo, urafiki na hasira. DeRoburt aliwatawala kwa miaka mingi kwa uzoefu na haiba yake. Alizoea kushika wizara kadhaa mwenyewe, na wapo waliomwona kama chifu wa zamani aliyevaa suti ya rais.

Mwezi Desemba 1976 kundi la wabunge vijana walioelimika nje, wakiongozwa na Bernard Dowiyogo, lilimwondoa. Walilalamikia matumizi ya serikali na mtindo wake wa kuongoza. Dowiyogo hakudumu. Mwaka 1978 serikali yake ilikwama bungeni, Lagumot Harris akaongoza kwa wiki chache, na mwezi Mei DeRoburt akarudi.

Mwaka huohuo gazeti moja la Guam liliandika kwamba aliwakopesha kwa siri fedha watu waliotaka Visiwa vya Marshall vijitenge. DeRoburt alikana na kulishtaki kwa kumchafulia jina mbele ya mahakama za Marekani huko Hawaii. Kesi hiyo iliburutwa kwa miaka zaidi ya kumi, na hakupata fidia aliyoidai.

Mwaka 1982 Malkia Elizabeth II alitembelea Nauru, na DeRoburt alipewa nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George ya daraja la juu. Ndiyo maana katika maandishi mengi ya Kiingereza huitwa kwa cheo cha heshima.

Mwezi Septemba 1986 bunge lilikataa bajeti yake akajiuzulu. Kennan Adeang alishika urais kwa wiki mbili tu kabla DeRoburt hajarudi. Mwezi Desemba Adeang akamwondoa tena, safari hii kwa siku kumi. Uchaguzi wa Januari 1987 ulimpa DeRoburt wingi wa kutosha, na akaendelea na awamu yake ya mwisho.

Mgomo wa mwaka 1988

Awamu hiyo ndiyo iliyoshuhudia anguko la shirika la ndege. Mwaka 1988 marubani waligoma. Kwa kuwa walikuwa karibu wote ni wageni, hakukuwa na wa kuwaziba pengo. Mamlaka za usafiri wa anga za Australia na New Zealand nazo zikatilia shaka usalama wa shirika na kuacha kuitambua ruhusa yake ya kuruka. Ndege zilikaa chini kwa muda.

Athari zake zilikuwa kubwa kuliko hasara ya fedha. Kwa miaka 18 Wanauru walikuwa wamezoea kwamba dunia iko umbali wa saa chache, na ghafla wakarudi kwenye hali ya kungoja meli. Visiwa jirani vilivyotegemea ndege hizo vilikatika vilevile. Ilidhihirika pia kwamba uhuru wa angani ulikuwa na kamba iliyofungwa Canberra: Nauru haikuwa na wakaguzi wake wa kutosha, na bila kibali cha Australia ndege yake haikuweza kutua Australia. Baadaye shirika liliwekwa chini ya usimamizi wa sheria za usalama za Australia moja kwa moja.

Tarehe 17 Agosti 1989 bunge lilipiga kura ya kutokuwa na imani na DeRoburt. Hoja kuu ilikuwa usimamizi mbaya wa uchumi. Kenas Aroi alichukua nafasi yake, na kabla ya mwaka kwisha urais ukawa wa Dowiyogo.

Kesi ya Den Haag

Kabla ya kuondolewa, DeRoburt alikuwa ameanzisha jambo lililompa ushindi wake wa mwisho. Mwezi Desemba 1986 serikali yake iliunda tume huru kuchunguza nani anawajibika kuirekebisha ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru. Mwenyekiti wake alikuwa Christopher Weeramantry, mwanasheria kutoka Sri Lanka. Tume ilikuta kwamba wadhamini walikuwa na wajibu huo. Australia ilipokataa, Nauru iliishtaki mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini Den Haag, mwezi Mei 1989.

Australia ilidai kwamba mahakama haina mamlaka, na kwamba Nauru iliachilia madai yake ilipokubali mkataba wa 1967, yaani mkataba uleule alioujadili DeRoburt. Tarehe 26 Juni 1992 mahakama ilitupilia mbali sehemu kubwa ya pingamizi hizo na kuamua kwamba kesi iendelee.

Hammer DeRoburt alifariki dunia mjini Melbourne tarehe 15 Julai 1992, wiki tatu baada ya uamuzi huo. Mwezi Agosti 1993 Australia ilikubali kumaliza kesi nje ya mahakama kwa kulipa dola milioni 107 za Australia, na Uingereza na New Zealand zikachangia dola milioni 12 kila moja.

Shirika la ndege baada yake

Warithi wake waliuza ndege moja baada ya nyingine, hata ikabaki Boeing 737 moja tu kwa safari zote. Mfuko wa akiba, ambao wakati fulani ulikadiriwa kuwa na zaidi ya dola bilioni moja za Australia, uliyeyuka kwa uwekezaji mbovu na madeni. Fosfati ya juu ilikaribia kwisha, na Nauru House iliuzwa mwaka 2004. Mwezi Desemba 2005 ndege ya mwisho ilikamatwa Melbourne kwa sababu ya deni la benki ya serikali ya Marekani, na kwa mara nyingine Nauru ikawa kisiwa kisicho na ndege yake.

Mwaka 2006, kwa msaada wa Taiwan, ilinunuliwa Boeing 737 iliyotumika, na shirika likafufuliwa kwa jina la Our Airline. Tangu mwaka 2014 linaitwa Nauru Airlines. Linaruka kutoka Brisbane, kama Falcon ya mwaka 1970, na kutua Yaren huku magari yakisubiri pembeni mwa barabara. Herufi mbili za safari zake bado ni ON, zilezile za Air Nauru.